Nani Anacheza, Mtoto au Mdoli?

Watoto mliokaa karibu na redio, leo msiondoke, maana mazungumzo ni yenu.

Leo tunazungumzia vitu vya watoto kuchezea. Vile vinavyodumu, vile ambavyo mtoto anavishika, anavijenga na kuvibomoa kwa mikono yake mwenyewe. Tutazungumzia pia kucheza nje, kwa sababu unaweza kununua mdoli mzuri kuliko yote Kariakoo na mtoto akakosa mahali pa kuuchezea.

Nianze na swali. Ikumbuke sikukuu ya Idi iliyopita. Pale Mnazi Mmoja kule Unguja, au Makadara kule Mombasa, jioni imeingia, watoto wamevaa nguo mpya, na kila mmoja ana kitu mkononi. Huyu ana bastola ya plastiki inayolia, yule ana miwani ya rangi, wa tatu ana gari la betri linalowaka taa nyekundu na buluu na kupiga honi peke yake. Mzazi ametoa hela yake kwa moyo mweupe. Haya, siku ya pili ya sikukuu vile vitu viko wapi? Bastola imevunjika. Miwani imekaliwa. Lakini lile gari, msikilizaji wangu, lile gari ni zima kabisa. Liko chini ya kiti, linawaka taa, na mtoto halitaki.

Hilo gari zima lisilotakiwa ndilo linalonishughulisha kuliko vile vilivyovunjika. Kuvunjika tunakuelewa, tunasema ni plastiki ya Kichina, tunalaumu muuzaji, yameisha. Lakini kitu kizima kukataliwa na mtoto baada ya siku moja, hapo kuna nini?

Mimi naona jambo ni hili. Lile gari linacheza lenyewe. Linatembea lenyewe, linapiga honi lenyewe, linawaka lenyewe. Mtoto amebakiwa na kazi moja tu, kubonyeza. Akishabonyeza mara ishirini, ameshaliona lote. Ndiyo maana leo nawapa swali moja la kubeba mfukoni, na nitalirudia hadi mnichoke: ukishika kitu cha kuchezea, jiulize, hapa nani anacheza? Ni mtoto, au ni mdoli?

Sasa tuliache duka la sikukuu, twende nyuma ya nyumba, kwa wale vijana wa miaka kumi na kidogo wanaounda magari ya waya. Mnawajua. Wamepata waya wa kufungia nondo kwenye nyumba inayojengwa, wameazima koleo, na mmoja ana pea ya ndala zilizokatika. Angalia anavyofanya. Anaweka kifuniko cha chupa juu ya soli ya ndala, anachora duara, anakata polepole kwa kisu, akikosea duara gari litayumba. Anapata matairi manne, la tano anaweka nyuma kama spea, maana gari la Mwanza haliendi bila spea. Anakunja fremu, anatoboa tairi katikati, anapitisha ekseli. Kisha inakuja kazi ya akili yenyewe, usukani. Anachukua fimbo ndefu inayomfika kifuani, anaiunganisha na ekseli ya mbele kwa waya, na juu anaweka duara la waya. Akizungusha duara, matairi ya mbele yanakata kona. Mtoto anatembea wima, anaendesha, anapiga honi kwa mdomo, na kondakta wake yuko nyuma anaita abiria.

Niambieni, hapo nani anacheza?

Na gari hilo likiharibika? Hapo ndipo raha yake. Tairi limechomoka, anajua kulirudisha, kwa sababu alilitengeneza yeye. Narudia hapo, maana ni jambo la pili ninalotaka likae: kitu kinachodumu kwa mtoto ni kile anachoweza kukitengeneza kikiharibika. Ugumu wa plastiki unakuja baadaye.

Au chukueni mdako. Wasichana wengi mnaonisikiliza mmeucheza, na wavulana pia, ingawa hamtakiri. Kishimo kidogo ardhini, kokoto kumi au kumi na mbili ndani yake, na jiwe moja la kurusha, au ndimu. Unarusha jiwe juu, na kabla halijarudi unakomba kokoto zote zitoke shimoni, kisha unadaka. Unarusha tena, unazirudisha zote shimoni ubakishe moja tu nje, unadaka. Mkono unafanya kazi, jicho liko juu, akili inahesabu chini. Gharama yake ni ngapi? Na kokoto zake zitaharibika lini?

Hata ng'ambo kuna aliyeliona hili, bwana mmoja wa Denmark, Carl Theodor Sørensen, kazi yake ilikuwa kubuni bustani. Alibuni pia viwanja vya watoto, vya bembea na vya kuteleza, vya gharama. Lakini aligundua jambo lililompa mawazo: watoto wakipata nafasi walikuwa wanaviacha viwanja vyake na kwenda kucheza kwenye nyumba zinazojengwa, kwenye vipande vya mbao na matofali. Akapendekeza kitu ambacho wengi wetu tungekiita wazimu, wapewe watoto uwanja uliojaa takataka za ujenzi. Mwaka 1943, nchi yao ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani, uwanja wa namna hiyo ukafunguliwa Emdrup, katika jiji la Copenhagen. Mbao, matofali, nyundo, misumari, na mtu mzima mmoja wa kuangalia usalama. Watoto wakajenga vibanda, wakavibomoa, wakajenga tena. Vita vilipokwisha Waingereza wakaiga, wakaanzisha viwanja vya aina hiyo katika sehemu za London zilizobomolewa na mabomu.

Nikisoma habari hiyo huwa nacheka kidogo. Wenzetu walihitaji mtaalamu awashawishi, wakati kwetu uwanja huo ulikuwa nyuma ya gereji, bure. Tatizo letu ni kwamba tunawafukuza.

Haya, mzazi mmoja hapo ananiambia, "Wewe unasema ya kijijini na ya uswahilini. Mimi nakaa ghorofani, mtoto wangu ana miaka minne, sitampa kisu akate ndala." Umesema kweli, mama. Basi tuzungumze ya kununua.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla hujaenda duka la midoli, nenda kwa fundi seremala. Kama uko Dar es Salaam, Keko wamejaa, na kila mji una mtaa wake. Chini ya meza ya seremala kuna vipande ambavyo vitaishia kuwa kuni. Mwambie akukatie matofali ya mbao. Lakini mpe kipimo, na kipimo hiki kina historia, kilibuniwa na mwalimu mmoja wa New York, Caroline Pratt, zaidi ya miaka 100 iliyopita, na shule nyingi za awali duniani zinakitumia hadi leo. Upana uwe mara mbili ya unene, na urefu uwe mara mbili ya upana. Kwa hiyo kama unene ni inchi moja, upana ni inchi mbili, urefu ni inchi nne. Narudia kwa walioshika kalamu: moja, mbili, nne. Kisha akukatie vingine vya nusu urefu, na vingine vya urefu maradufu.

Kwa nini nasumbuka na vipimo? Kwa sababu vikiwa hivyo, vipande viwili vya nusu vinakaa sawasawa juu ya kimoja kizima, na mtoto anagundua mwenyewe, bila mwalimu, kwamba nusu na nusu ni moja. Ukuta wake haulali upande. Vikikatwa ovyo, mnara unaanguka, analia, anaacha. Mpe vipande hamsini, sitini, maana kumi havijengi kitu.

Angalizo, na hili msikilizeni vizuri. Muulize fundi kama mbao imetiwa dawa ya mchwa. Mbao nyingi za kuezekea zimetiwa dawa, mara nyingi utaziona zina rangi ya kijani, na dawa hiyo inaweza kuwa na sumu ya aseniki. Hizo ni za paa. Mtoto mdogo kila kitu anapeleka mdomoni. Chukua mbao isiyo na dawa, ipigwe msasa hadi pembe zisikwaruze, na usiipake rangi wala vanishi. Mbao tupu inatosha.

Ukitoka kwa seremala, pitia mtumba. Ndiyo, mtumba! Pale Karume, Ilala, au Gikomba kule Nairobi, kwenye marobota ya nguo huja pia vitu vya watoto. Wengine mnaona aibu kumpa mtoto kitu kilichotumika. Mimi nakiona ni kitu kilichofanyiwa mtihani. Kimepita mikononi mwa mtoto wa kwanza huko Ulaya, kimedondoshwa, kimetupwa, kimekaliwa, kimevuka bahari, na bado ni kizima. Humo utakuta hata vile vitofali vya plastiki vya Lego, vimechanganyika na vikorokoro vingine kwenye mfuko mmoja. Kitofali cha Lego kilichotengenezwa mwaka 1958 kinaingiana na kilichotengenezwa mwaka huu, kwa hiyo usijali kama ni vya seti tofauti. Vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, basi.

Na ukifika dukani kwenye vitu vipya, usiangalie boksi. Geuza mdoli, uangalie tumbo. Umefungwa kwa skrubu au umegundishwa? Wa skrubu unafunguka, unatengenezeka. Ekseli ya gari ni ya chuma au ni kijiti cha plastiki? Ikunje kidogo. Inuse, ikinuka dawa kali, irudishe. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, chukua lile bomba la karatasi la katikati ya toilet pepa, na kipande chochote kinachopita humo ndani ni kidogo mno, kitamkaba koo.

Kuna kitu kimoja naomba nisimame nacho. Zile betri ndogo bapa, kama za saa. Ziko kwenye vitu vingi vinavyowaka na kuimba. Mtoto akiimeza ikanasa kooni, inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu. Ukihisi mtoto amemeza, usisubiri itoke chooni, usimtapishe, kimbia hospitali hapo hapo. Kama kuna kitu kama hicho nyumbani na mfuniko wake hauna skrubu, kitoe leo.

Tumemaliza ya ndani. Sasa tutoke nje.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Sitawachosha na tarakimu, nachukua mbili tu. Mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji dakika 180 za kujishughulisha mwili kwa siku, yaani saa tatu nzima za kutembea, kukimbia, kuruka. Na mbele ya kioo, iwe simu au televisheni, isizidi saa moja. Sasa pima ya nyumbani kwako. Katuni inawashwa asubuhi mtoto akinywa uji, inazimwa lini? Simsemi dada wa kazi hapa. Dada ana nguo za kufua, ana mboga jikoni, na geti limefungwa. Tumempa mtoto, tukamnyima uwanja. Angefanyaje?

Kwa wenye ua, hata mdogo, vitu viwili vinatosha miaka mingi: mchanga na tairi. Mchanga uweke kwenye fremu ya mbao au hata kwenye tairi kubwa la lori lililolazwa, na usiku ufunike kwa turubai, maana paka wa jirani atapageuza choo. Ongeza vikombe vya zamani, kijiko cha mbao, chupa za maji zilizokatwa, faneli. Basi. Mtoto wa miaka miwili ataukalia huo mchanga asubuhi, na wa miaka minane atachimba mfereji na kujenga bandari.

Tairi la gari dogo ni bembea. Chagua tawi nene, bichi, lisilo na ufa. Mwembe mzuri, mkorosho mzuri, mpapai tafadhali hapana. Kamba iwe ya nailoni, maana ya katani inaoza kwa jua na mvua, na inaoza kwa ndani, huoni. Tairi lililochakaa hadi waya za chuma zinachungulia usilitumie. Halafu toboa matundu upande wa chini ili maji ya mvua yatoke. Dar es Salaam tumepata mlipuko wa dengi mwaka 2014, tukaupata tena 2019, na mbu wake anapenda sana maji safi yaliyotuama ndani ya matairi. Utamfungia mtoto bembea, umpe na homa.

Lakini wengi wetu hatuna ua. Hapa nataka niseme bila kuzunguka: mitaani kwetu kilichoadimika ni ardhi ya kuchezea. Midoli ipo, tena ya bei ya chini. Watoto hawajasahau kucheza. Wape kopo tupu, watacheza kombolela. Wape mpira wa soksi na chupa, wasichana watacheza rede: wawili pembeni wanarusha, wa katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa, na kule Kenya mnayo kati, na mnayo brikicho ya kujificha. Michezo ipo vichwani mwao. Kilichoondoka ni kile kiwanja kilichokuwa kati ya nyumba ya mzee fulani na msikiti, ambacho leo kina fremu sita za maduka na sehemu ya kuoshea magari. Wakihamia barabarani, bodaboda haina huruma.

Mnajua kwamba Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeweka haki ya kucheza na kupumzika katika orodha ile ile yenye chakula, malazi, mavazi na matibabu? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 nao una kifungu kizima, cha 31. Na kuanzia 2024 dunia ina Siku ya Kimataifa ya Kucheza, tarehe 11 Juni, siku tano kabla ya Siku yetu ya Mtoto wa Afrika. Sheria tunayo. Lakini mkutano wa mtaa ukiitishwa, tunajadili ulinzi shirikishi, tunajadili taka, nani anauliza watoto wanachezea wapi?

Basi uliza wewe. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, uulize eneo la wazi kwenye ramani ni lipi, na nani yupo juu yake sasa. Kama halipo, kuna uwanja wa shule ya msingi unaofungwa saa tisa na nusu alasiri ukabaki mtupu mpaka kesho yake. Kamati ya shule ikikubali, wazazi wanne mnaopokezana kukaa pale na viti vyenu, mkapiga soga, mnawapa watoto sitini uwanja. Mzazi anayekaa hana haja ya kuwa mwalimu wa michezo. Aangalie asiumie mtu, mengine awaachie. Wakigombana juu ya nani ametoka, wacha wagombane, ndipo sheria za mchezo zinapotungwa.

Na mtoto wa kike asibaki nyumbani akiosha vyombo wakati kaka yake yuko chandimu. Vyombo waoshe wote, watoke wote. Hili sina maelezo marefu, nadhani mmenielewa.

Kabla hatujaagana, najibu swali la msikilizaji mmoja aliyetuma ujumbe wiki iliyopita. Mtoto wake ana miezi kumi, anauliza amnunulie nini. Bibie, usinunue kitu bado. Fungua kabati la chini jikoni, toa visu na vyombo vya kioo, bakiza sufuria mbili zenye mifuniko, mwiko, kawa na vikombe vya plastiki, kaa naye chini kwenye mkeka. Atapiga ngoma, atafunika na kufunua, ataingiza kikombe kidogo ndani ya kikubwa, na kelele utazizoea. Akichoka kesho, badilisha sufuria.

Wiki ijayo, siku na saa hii hii, tutazungumzia kazi za nyumbani na watoto, nani afanye nini na kwa umri gani. Ukiwa na mchezo wa kwenu ambao sikuutaja, iwe Kigoma, Lamu, Goma au Pemba, nitumie maelezo ya namna unavyochezwa, nitayasoma hewani. Na kesho ukipita kwa seremala, usisahau: moja, mbili, nne.